Matembele ndani ya ukuta wa mazuti

Ukuta unaozunguka tangi la mazuti, mafuta ya dizeli ya malori, una kazi moja tu, na nitaisema hapa mwanzoni kwa sababu nimechoka kuisema kwa watu wasiosikia. Tangi likivuja, ukuta uyazuie mazuti yasiende popote. Basi. Hauhitaji kupendeza.

Miaka ile ya Zaïre nilikuwa mlinzi wa tangi kwenye gareji moja ya malori, upande wa Kapata. Ukuta wetu ulikuwa wa matofali, unanifika kiunoni. Nyuma yake ardhi inateremka mpaka bwawa ambamo akina mama wa cité, mtaa wetu wa nyumba za kampuni, waliloweka mihogo yao.

Maisha yalikuwa magumu, kila mtu anajidebruye, anajitafutia njia yake. Akina mama waliona kwamba ndani ya ukuta ule mbuzi hawaingii, na udongo una unyevu. Wakaniomba wapande matembele kandokando ya tangi. Mlinzi mwenye akili angekataa. Mimi nilikubali, kwa sababu wa kwanza kuomba alikuwa mjane wa dereva wetu mmoja, jirani yangu, mwenye watoto watano. Kila Ijumaa aliniletea fungu la matembele, nikala na bukari, ugali wetu, na kusifu. Kwa hiyo nisijifanye malaika hapa.

Mvua zikaanza, na ukuta ukashika maji kama beseni. Kwa ajili hiyo kulikuwa na robine chini ya ukuta: unaifungua, maji ya mvua yanatoka, unaifunga. Kazi ya dakika chache. Lakini robine ilikuwa na kufuli, na ufunguo aliuweka shefu wa gareji kwenye droo ya ofisi yake mjini, maana alikuwa amegundua kwamba mwenye ufunguo huombwa. Niliandika barua. Nikaambiwa shefu amesafiri. Nikaandika nyingine. Matembele yakaanza kuoza majini, nami nikawaambia akina mama wavumilie, ufunguo nitauleta.

Asubuhi moja nikakuta tundu chini ya ukuta, ngumi inapita. Maji yote yamekwenda. Nikauliza nani katoboa. Hakuna aliyejua. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na akina mama waliendelea kupalilia.

Nikamwomba shefu mfuko mmoja wa saruji. Akasema tutaona. Usipoziba ufa utajenga ukuta, hilo hata mtoto wa shule analijua, na shefu alikuwa amesoma kunipita mbali. Aliamka tu siku aliposikia kwamba wakubwa wanakuja kukagua. Jumamosi ya salongo, ile kazi ya umma ya lazima, alitutoa sote kupaka ukuta chokaa, na tundu akaamuru lizibwe kwa udongo na kupakwa juu yake. Nikamwambia udongo hautashika. Akacheka, akanijibu, akiniita mwananchi kwa Kifaransa:

“Citoyen, bageni habatatia kidole mu ukuta.”

Na kweli hawakutia. Walikuja, wakatazama weupe wa ukuta, wakaenda kunywa bia. Hakuna hata mmoja aliyeinama.

Halafu likaja suala la mpira wa kuzibia pale bomba linapoungana na tangi. Ulikuwa umechakaa, nikaomba mwingine. Shefu akasema nikate kipande cha tyubu ya lori. Nikamweleza kwamba mazuti yanakula mpira wa namna hiyo, unavimba na kulainika kama mkate ndani ya chai. Akaniuliza kama mimi ni injinia. Basi nikaukata, nikaufunga kwa mikono yangu mwenyewe, huku nikijua. Hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Haukumaliza mwezi. Jumapili moja, tunatoka kanisani, harufu ilitupokea mbali kabla ya kona. Nilikimbia na viatu vyangu vya ibada. Mpira ulikuwa umepasuka, mazuti yamejaa ndani ya ukuta, yamesukuma ule udongo, na mstari unaong'aa unateremka mpaka bwawani. Tangini hakukubaki kitu cha maana.

Jumatatu shefu hakuuliza habari ya mpira. Alitaka jina la aliyetoboa ukuta. Alisema mtu huyo atalala gerezani, na kama anakaa nyumba ya kampuni atafukuzwa humo. Kusema kweli, nami nililitaka jina hilo. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba ningelitoa palepale.

Nikateremka bwawani kuona uharibifu. Mjane alikuwa amesimama majini mpaka magotini, peke yake. Mihogo ya shamba lake lote ilikuwa imelowekwa mle, chakula cha nyumba yake mpaka mavuno mengine. Hakunitazama.

“Mi njo nilitoboa, baba,” akasema. “Ulisema utaleta ufunguo.”

Hasira ilikuwepo bado, nzima, ila sikujua tena niielekeze wapi. Jina lake shefu hakulipata kwangu, si siku ile wala baadaye.

Akatoa muhogo mmoja, akausugua, akaunusa, akausugua tena. Ndipo akanigeukia.

“Weye njo unajua mazuti. Nikianika muzuri, batoto banaweza kula?”

Miaka yote nilingoja mtu mmoja aniulize jambo la mazuti na aamini jibu langu. Nikamwambia hapana. Akauliza: na nikichanganya na unga wa mahindi, mwingi? Nikamwambia hapana, mama, hata kidogo.

Hakulia. Alijaza kikapu, akapanda nacho mpaka nilipo, akaniomba nitupe mimi, kwa sababu mikono yake haitakubali. Nikachimba shimo. Nilimwaga kikapu cha kwanza yeye anatazama, na alikuwa amekwisha kurudi majini kujaza cha pili.