Siku Niliyoshuka Nikijua

Kupanda mlima si kazi. Mwenye mapafu atapanda, na kwetu Tumati kila mtu anayo, maana shule iko juu na maji yako chini. Kazi ni kushuka. Watu wanaogopa, wanakanyaga kisigino, wanarudisha kifua nyuma, magoti yanaisha kabla ya nusu ya njia. Mimi sikuogopa. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu mambo mengine ya siku zile yana aibu ya kutosha.

Mwalimu wetu wa riadha, mzee mstaafu mwenye maneno makali, alinionyesha kwenye simu yake Wazungu wanaoshindana kuteleza kwenye theluji. "Tazama magoti," akasema. "Wewe unatazama nguo." Kweli nilikuwa natazama nguo. Lakini magoti nayo niliyaona, yamelegea, na macho yanatazama mbele kabisa, si miguuni. Tangu hapo kila jioni nikawa nateremka kilima cha nyuma ya nyumba yetu, na mdogo wangu, kitinda mimba wetu wa miaka sita, amesimama chini akinihesabia kwa sauti. Alijua kuhesabu mpaka arobaini tu. Nikizidi hapo alirudi kwenye moja, kwa hiyo kwa hesabu zake mimi nilikuwa bingwa wa dunia.

Nilimlea mimi yule mtoto. Baba alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, mama akawa mtu wa shamba kutwa, na mgongo uliombeba ulikuwa wangu. Nilimpenda kuliko mtu yeyote. Naomba hilo likumbukwe.

Nilipokuwa kidato cha tatu yakatangazwa mashindano ya vijana Katesh: kutoka uwanjani, kupanda Mlima Hanang mpaka pale msitu unapoanzia, kisha kushuka kurudi. Wasichana wawili wa kwanza wangechukuliwa kambini, wasome huko na kukimbia huko. Mimi sikuwa na mlango mwingine. Bibi mzaa baba, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani, alishaanza kupokea wageni wa kuniposa, na mama hakuwa na nguvu ya kuwafukuza.

Niliondoka Alhamisi. Mdogo wangu alikuwa na homa na kifua kinabana, tukasema ni baridi tu. Ijumaa jioni mama akanipigia. Nikamwamkia, nikamuuliza mtoto anaendeleaje.

"Amekunywa uji," akasema. "Lala mapema."

Jumamosi asubuhi, kwenye mstari wa kuanzia, nikamwona jirani yetu, msichana tuliyefanya naye mazoezi tangu darasa la tano. Alikuwa amekuja baada yangu kwa lori la vitunguu, jana yake jioni, akalala kwa shangazi yake. Siku zote kabla ya kukimbia tulikunywa maji kwenye chupa moja. Nikanywa, nikampa. Hakuipokea. Aliweka mikono nyuma.

"Vipi wewe, umeninunia?"

"Sina kiu," akasema. Akasogea pembeni hatua mbili, macho chini.

Kwetu Wairaqw nyumba ikifiwa na mtoto inakaa peke yake. Hamshikani mikono na watu, hamnywei chombo kimoja nao, hamwendi kwenye mikusanyiko, miezi na miezi, mpaka wazee waseme imetosha na muoshwe. Wengi wameacha, hasa watu wa kanisani. Upande wetu haujaacha, na bibi ndiye aliyekuwa mlinzi mkuu. Baadaye nilikuja kusikia kwamba mama alimwapisha yule jirani asiniambie kitu. Mdomo aliuzuia. Mikono ilimshinda.

Na nyumbani nilikuwa nimeacha mgonjwa mmoja tu.

Nilitaka kumkamata nimuulize. Lakini nilijua nikiuliza atajibu, na akijibu itabidi nitoke kwenye mstari, niende nyumbani, nikae ndani na wenzangu mpaka kambi ijae na wageni wa bibi warudi. Kwa hiyo sikuuliza. Nilifunga kamba za viatu upya, ingawa zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba na akili zangu timamu.

Kupanda nilikuwa wa saba. Kushuka sijawahi kushuka vile, si kabla, si baadaye. Nilipita watu kama wamesimama. Nilikuwa nalia, na machozi yalinizuia kuona mawe, nikakanyaga hivyo hivyo. Nikafika wa pili. Mwalimu akanishika kichwa kwa mikono yote miwili akicheka, na mimi nikatapika kwenye majani.

Nilipofika nyumbani, walikuwa wamemzika mdogo wangu tangu Ijumaa mchana, kando ya mahindi. Kaburi lilikuwa fupi mno. Nililia mpaka sauti ikakauka, na kilio kile kilikuwa cha kweli, hata kama mtu atasema nini.

Wazee walikuja wamekasirika. Nyumba yenye msiba imetuma mtu kwenda kushikana mikono na wilaya nzima. Bibi akakaa upande wao. Mama akasimama mbele yao, akasema, "Mtoto hakujua lolote. Nilimficha mimi. Niulizwe mimi."

Wakanigeukia. Ulijua?

Nikasema sikujua.

Basi lawama yote ikamwangukia mama. Mimi nilioshwa baada ya wiki chache nikaruhusiwa kwenda kambini. Yeye alikalishwa karibu mwaka mzima. Maji aliyafuata kijito cha mbali ili asikutane na watu, na wanawake wa kwaya walimpungia mkono wakiwa ng'ambo ya njia. Hakulalamika. Yule jirani alinitazama mara moja tu, kwa muda mrefu.

Asubuhi ya kuondoka mama alinibebea begi mpaka mwisho wa boma letu. Mpaka huo hakuruhusiwa kuuvuka, akaliweka chini nilichukue mwenyewe. Alikuwa amekonda.

"Usinichukie, mwanangu," akasema. "Nilikuficha kwa sababu nakujua. Ungejua amekufa, usingekimbia."

"Kweli, mama," nikasema. "Nisingekimbia."