Paskalia na Reli ya Mzee Mikaeli

Paskalia Mkude alikuwa mpiga chapa katika kiwanda kimoja mjini Morogoro kwa miaka kumi na sita, mpaka kiwanda kikauzwa naye akapewa barua ya kupunguzwa kazi. Wenzake wengi walinunua cherehani au wakafungua genge. Yeye, mtoto wa wakulima wa njegere wa Mgeta, alikwenda Dar es Salaam na kiinua mgongo chake akarudi na kompyuta nne zilizotumika na sanduku la CD za magemu kutoka Kariakoo. Ndugu zake waliona amechanganyikiwa. Huo ulikuwa mwaka 2001, na pale mtaani kwetu Kihonda hapakuwa na mahali pengine pa kucheza gemu la kompyuta.

Mimi nilikuwa mwalimu mgeni wa shule ya msingi, nimepanga chumba nyumba ya tatu kutoka dukani kwake. Nilianza kwenda kwa ajili ya gemu la mpira, nikawa mteja wa kila Jumamosi. Mwenye kompyuta nyumbani alinunua CD akaondoka nayo. Wengi wetu hatukuwa nayo, kwa hiyo tulilipia saa tukacheza palepale. Kila mteja alikuwa na faili lenye jina lake katika kompyuta kubwa ya Paskalia. Ulipoishia leo, kesho unaanzia hapohapo. Aliyatunza mafaili yale kama karani wa parokia anavyotunza daftari la ubatizo.

Mteja aliyemheshimu kuliko sisi sote alikuwa Mzee Mikaeli. Huyu alikuwa mkuu wa stesheni ndogo kwenye reli ya kati, naye pia alikuwa amepunguzwa kazi. Alicheza gemu moja tu, la kujenga reli: unatandika njia, unaweka vituo, unapanga treni zisigongane. Vituo vyake alivipa majina aliyoyajua, Ngerengere, Kingolwira, Mkata, Kimamba, Kilosa, akasonga mpaka Gulwe na mbele zaidi. Alikuja kila asubuhi na shati lililopigwa pasi, akakaa saa moja, akaondoka. Huku akicheza alimsimulia Paskalia mambo ya stesheni, mizigo iliyopotea, mafuriko yaliyobeba daraja. Mwaka wa pili ulipoanza, reli yake ilikuwa na vituo zaidi ya arobaini, na sisi tulikuwa tukisimama nyuma ya kiti chake kutazama tu.

Ndipo akaja Ahmadi, mfanyabiashara ambaye baba yake alitajirika kwa karanga za Gairo. Alifungua duka la magemu ng'ambo ya barabara, kompyuta kumi mpya, feni juu, na kila Ijumaa alimpa CD moja ya bure kila aliyejiandikisha. Tulijiandikisha. Sitaficha, hata mimi nilipanga foleni. Tulichukua cha bure Ijumaa, na Jumamosi tukarudi kwa Paskalia kama kawaida.

Ahmadi hakuelewa. Siku moja alivuka barabara, akamwuliza dada Paskalia, kwa adabu, anawapa nini watu hawa. Paskalia alimjibu kwamba wateja wake wanampenda. Aliamini hivyo kabisa. Alitujua kwa majina, alikwenda kutuona tukiumwa, na ukikosekana wiki moja alimtuma mtu kuuliza.

Mambo yaliharibika mwezi Machi. Reli ya Mzee Mikaeli ilikuwa imekuwa kubwa mno, na kompyuta ile ya zamani ikawa inaganda kila baada ya dakika chache. Mzee alivumilia wiki mbili. Asubuhi moja alikuja na flopi mpya, bado imo kwenye karatasi yake.

"Mwanangu," alisema, "naomba uninakilie reli yangu humu. Kompyuta za yule kijana zina nguvu. Nitachezea kule, ila nitakuwa napita kukusalimu."

Paskalia aliniambia baadaye kwamba aliwaza jambo moja tu. Mzee Mikaeli akivuka barabara, nani atabaki? Alijibu bila kumtazama.

"Faili halitoki, mzee. Kilichojengwa hapa kinabaki hapa."

Mzee hakubishana. Alirudisha flopi mfukoni, akakaa, akaendelea na kompyuta ileile inayoganda. Kesho yake alikuja tena, na keshokutwa. Lakini hadithi za stesheni zilikwisha. Alisalimia, akacheza, akaaga.

Mwanzoni Paskalia alijiona ameshinda. Baada ya siku kadhaa akaanza kututazama kwa jicho jingine. Jumamosi moja aliniuliza, kama ningekuwa na faili langu mkononi, ningeendelea kuja kwake? Nilichelewa kujibu. Aliinuka, akaenda kupanga CD ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Tangu hapo kila asubuhi alijiambia leo atamnakilia mzee reli yake. Na kila asubuhi, akiona watu wanaingia kwa Ahmadi, aliahirisha. Aprili ikapita hivyo.

Mei, saa nne asubuhi, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo. Kompyuta kubwa ilitoa harufu ya plastiki inayoungua, ikazimika. Fundi wa mjini alishindwa. Paskalia akaifunga diski katika kanga, akaenda nayo Dar es Salaam kwa fundi mwingine, naye akamrudishia siku ya pili akimpa pole. Mafaili yetu yote yalikuwa yamekwenda. Langu lilikuwa la mpira tu, ligi ya msimu mmoja, na hata hivyo liliniuma.

Aliposhuka kwenye basi hakupita dukani. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Mikaeli, upande wa Kilakala, akamkuta barazani na mkewe wakimenya maharage mabichi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Duka limefungwa siku tatu, tukadhani unaumwa."

Alimweleza yote, hata zile asubuhi za kuahirisha. Mzee alisikiliza mikono ikiwa imetulia juu ya ungo. Aliuliza kama hakuna hata kituo kimoja kilichosalia. Paskalia akasema hakuna.

"Kazini waliniletea barua, nikatia sahihi, yakaisha," mzee alisema. "Wewe umekuja mwenyewe, nashukuru. Lakini ulijua mashine ile imechoka."

"Nilijua, mzee."

"Na flopi nilikuwa nayo mfukoni."

Mke wa mzee alimletea chai, akainywa kwa kuwa si vizuri kuikataa.

Alipofungua duka tena, alimpa kila mteja flopi ya kuwekea faili lake tangu siku ya kwanza, nenda nayo utakako. Zaidi ya nusu yetu tulivuka barabara. Mimi nilivuka wiki ya pili. Mpira wa kwa Ahmadi ulikwenda kasi zaidi, na hilo tu ndilo lililonipeleka. Haikuchukua muda, Ahmadi alipoona tumekuwa wake, akaacha kutoa CD za Ijumaa, kisha akapandisha bei ya saa. Wachache walirudi kwa Paskalia. Wengine waliona aibu kurudi, nami nilikuwa mmoja wao.

Mzee Mikaeli hakwenda kwa Ahmadi. Paskalia alimwomba aanze reli nyingine, akamwahidi kompyuta bora kuliko zote dukani, bila malipo. Mzee alimshukuru, akasema macho yamechoka. Akalima mchicha nyuma ya nyumba. Alipopita Kihonda alisimama mlangoni kumjulia hali, kama alivyoahidi, na hakuingia ndani.

Mwaka 2006 nilihamishiwa Gairo, nikaenda kumuaga Paskalia. Magemu alikuwa ameyaacha, anapiga chapa kwa taipureta na kutoa fotokopi. Siku ile ndiyo aliyonisimulia mambo haya kwa ukamilifu, huku akiandika maombi ya kazi ya mtu bila kuinua macho. Alisema mpaka leo hajui kama alimnyima mzee kwa hofu au kwa choyo. Kisha akauchomoa ukurasa, akaukagua, akaona kosa, akaanza kuuandika upya.