Mahakamani Nilisema Mke Wangu ni Mteja Wangu

Admin, ficha jina langu na la duka langu. Mengine yaache kama nilivyoyaandika.

Mke wangu nilimpoteza Jumanne iliyopita, saa nne na robo asubuhi, ndani ya mahakama hapa Kampala. Yuko hai. Yuko gereza la wanawake, na aliyemrudisha huko ni mimi, kwa maneno matatu.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mitatu, Mkenya, mtu wa Kakamega. Kampala nimekaa miaka kumi na saba. Nilianza kwa kubeba springi za malori begani pale Kisenyi, leo nina duka langu la spea na wafanyakazi wanne. Hakuna aliyenishika mkono. Mke wangu ni Mganda, mwalimu wa shule ya msingi. Tunaishi Kasubi na binti yetu wa miaka tisa, tumwite Mercy.

Tatizo letu ni siasa. Ndani ya miaka mitatu mama huyu amekamatwa mara saba. Anatoka na wenzake na mabango kwenda bungeni kudai wafungwa wa kisiasa waachiliwe, na hawafiki hata nusu ya njia. Kosa linaloandikwa ni kero kwa umma. Alianza kulala ndani siku mbili, kisha tano, moja, ishirini na moja, tisa, thelathini. Hizo ni sitini na nane kabla ya safari hii, na leo ni siku ya kumi na tisa. Nazijua kwa sababu kila siku hizo nywele za Mercy nimezisuka mimi, vibaya, na shuleni nikadanganya kwamba mama amesafiri. Hajawahi kuniuliza kabla ya kutoka. Nikilalamika ananijibu, "Taata Mercy, nikikuuliza utasema hapana. Sasa nikuulize ya nini?"

Mara zote sita nilikwenda kumtoa mimi, nikasaini, na pale wanapouliza uhusiano nikaandika: mume. Na hilo nalo mlijue, kabla hamjanihukumu.

Safari hii mambo mawili yalinikuta pamoja. Kibali changu cha kazi kiko ofisini kinasubiri kuongezwa. Halafu mteja wangu mkubwa, mtu wa malori ya serikali, akaja akaegemea kaunta huku anacheka. "Mukenya, ule mama ya mabango tunaona kwa simu, ni yako? Angalia, utarudi kwenu na begi moja!" Wafanyakazi wangu wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda wote, nikasema, "Mimi? Hata simjui."

Huku ukitaka kumdhamini mtu mahakamani, unabeba barua ya mwenyekiti wa mtaa wako. Inasema wewe ni nani, na mshtakiwa ni nani wako. Yangu ilitakiwa itoke Kasubi, ambako mwenyekiti alikula pilau ya harusi yetu. Nikajifanya mjanja. Nikaenda kwa mwenyekiti wa Kisenyi, upande wa duka, mzee wa Kinubi mwenye heshima zake. Kalamu mkononi, akaniuliza, "Huyu mwanamke ni nani wako, mwanangu?"

"Mteja wa dukani tu, mzee. Namhurumia."

Akaniombea dua kwa moyo wangu mwema, akagonga muhuri. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: muhuri ni muhuri, yeye anatoka, mimi sionekani popote kama mume wa mtu wa mabango.

Hakimu alikuwa mgeni kwetu, akataka wadhamini wawili. Wa kwanza alikuwa senga wake, yaani shangazi yake, akakubaliwa. Wa pili mimi. Hakimu akasoma barua, akanitazama juu ya miwani.

"Mshtakiwa ni nani kwako?"

"Mteja wangu, mheshimiwa."

Akamgeukia mke wangu kizimbani. "Unamfahamu huyu bwana?"

Alinitazama. Alikuwa amekonda, gauni limemlegea mabegani. Angetaka angenivua nguo palepale. Akasema polepole, "Niliwahi kununua kitu kwake, mheshimiwa. Simjui vizuri."

Hakimu akasema mtu asiyejuana vizuri na mshtakiwa hawezi kuihakikishia mahakama kwamba atarudi. Nikakataliwa. Kesi ikaahirishwa hadi Alhamisi ya wiki hii, naye akarudishwa ndani.

Nje, senga akanishika shati mbele za watu. "Wewe! Siku ya kwanjula, siku tulikutambulisha kwa ukoo, ulisimama mbele ya watu mia mbili, ukasema unataka mutoto yetu. Leo mbele ya mutu moja unasema ni kastoma?"

Jumamosi nilipeleka sabuni, sukari na pedi gerezani. Vitu vilipokelewa, yeye hakutoka. Askari aliniletea ujumbe: "Amesema leo ni siku ya familia, wateja waje siku nyingine." Foleni nzima ilisikia, wanawake wakaangua kicheko. Nilitoka pale kichwa chini, mimi ambaye miaka mitatu yote nimemwambia kwamba ananiaibisha.

Ndugu zangu, senga hana mtu mwingine wa kusimama naye. Nikienda Alhamisi na barua ya Kasubi iliyoandikwa mume, nitakuwa nakiri mbele ya hakimu yule yule kwamba nilimdanganya. Anaweza kunifungulia kesi, kibali kikaenda, na Mercy akabaki na nani? Nisipoenda, mke wangu anabaki ndani, na siku akitoka sijui kama atakuja nyumbani kwangu.

Msiniandikie niombe Mungu, naomba. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nataka jibu moja kwa kila mtu: nisimame, au nisisimame? Mwenyekiti wa Kasubi anafunga ofisi Jumatano saa kumi na moja jioni. Nijibuni kabla ya saa tisa.