Clothilde na Miungu Aliyoogopa Kuitaja

Saa mbili asubuhi, Clothilde anakunja mashuka katika kituo cha kulea wazee jijini Houston, huku akijisomea kwa sauti: "Milima iligawa Ugiriki. Kila bonde na mji wake, kila mji na ubishi wake." Akifika kwa mungu wa bahari, ulimi unagoma.

"Yule... yule wa maji," anasema, kisha anacheka kwa aibu.

Leo hana pa kukimbilia. Jioni atasimama mbele ya darasa la historia chuoni, aeleze jinsi jiografia na visasili vilivyowajenga Wagiriki wa kale. Akishindwa, amefeli somo, na ndoto ya ualimu inaishia hapo.

Mara ya kwanza aliharibu mwenyewe. Clothilde alikuja kama mkimbizi kutoka Baraka, mashariki mwa Kongo, na sasa anaimba kwaya katika kanisa moja la mtaa wa Gulfton, ambako miungu mingine haitajwi ila kwa kukemewa. Basi akaeleza milima, bahari na mizeituni, miungu yote akairuka. Mwalimu akampa sifuri, na nafasi moja tu ya kurudia.

"Nilikasirika, we! Nikasema huyu anataka niabudu shetani," Clothilde anakumbuka.

Mumewe Gracien, mfanyakazi wa ghala, hakumbembeleza. "Mama Carmel, kutaja si kupiga magoti," alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Mais, lakini siku tulivuka ziwa, umesahau?"

Hajasahau. Walipokimbia vita kwenda Kigoma, mawimbi yaliipiga boti yao hadi kila mtu akaomba kwa anayemjua. Bibi mmoja aliita mizimu ya ukoo wake.

"Sikumkemea," Clothilde anasema, macho yamelowa. "Nilimshika mkono."

Jioni, mbele ya darasa, anaanzia kwa bibi huyo. Anaeleza kwamba nchi ya Wagiriki ilikuwa mawe mengi na mashamba haba, ikawasukuma baharini, na bahari ikawameza wana wao. "Wakatafuta wa kumlilia," anasema. "Wakamwita Poseidoni."

Jina limetoka! Baada ya hapo hazuiliki. Anamtaja Atena, mungu wa kike aliyesemekana kuwapa mzeituni, mti uliokubali udongo ule mkaidi. Anamtaja Zeus, ambaye michezo ya kumheshimu iliikutanisha miji iliyotenganishwa na milima.

Mwalimu anamwambia amefaulu. Clothilde anakaa chini na kulia bila kujificha.

Akimaliza chuo, anataka kufundisha historia papo hapo Gulfton.

"Watoto wetu wengi wamevuka maji," anasema. "Mmoja akiniuliza kwa nini Wagiriki wale waliililia bahari, sitaki nimfokee. Nataka nimjibu."