Fundo Ambalo Verlon Hakulisogeza

Verlon Tackett hakuwa mtu wa kukosea kamba. Kila Jumapili mchana, kwenye uwanja wa jirani yake Harlan huko Oklahoma, aliwafundisha wanagenzi kupanda fahali, na somo la kwanza lilikuwa kamba. Aliitundika uzioni, akaisugua kwa brashi ya waya mpaka ulimbo wa zamani ukatoka, kisha akapaka mpya na kuupasha kwa kusugua na glavu, juu chini, juu chini, mpaka kamba ikanata na kunuka msonobari. Ndipo akafunga kengele, ambayo uzito wake huivuta kamba chini mpandaji akiachia.

Ila kwenye fundo ndiko alikokuwa mkali kama pilipili. Kamba ina kitanzi upande mmoja, na fundo la kitanzi ndilo linaloamua kishikio, pale mpandaji anaposhika, kikae wapi. Akiletwa fahali mwembamba baada ya mnene, fundo lisogezwe, la sivyo kishikio hakikai katikati ya mgongo. "Kila fahali na fundo lake," alisema, na huo ulikuwa mwaka wa kumi na tisa anasema.

Siku hiyo Lonnie Peebles, mchomeleaji mabomba wa miaka thelathini na moja, alipaswa kumpanda Diakoni, fahali mpana kama kitanda. Verlon akapima, akafunga. Dakika ya mwisho Diakoni akachechemea, na Harlan akaingiza kwenye kizimba cha langoni Karanga, mwembamba, mwenye mbavu za kuhesabika. Wakati huo Verlon alikuwa akiwasimulia wageni wawili mwaka aliovunjika taya na bado akakaa juu ya fahali zile sekunde nane zinazotakiwa. Hadithi ilikuwa imefika penye utamu wake. Akaizungusha kamba kifuani mwa Karanga, mikono ikifanya kazi, mdomo ukiendelea, akaikaza. Fundo hakuligusa.

Lango likafunguliwa. Mruko wa pili Lonnie akaangukia upande mmoja, mkono ukabaki umenasa upande wa pili. Karanga akamburuta kama gunia nusu ya uwanja, mpaka wazubaishaji, wale wa kumvuta fahali mbali na aliyeanguka, walipoupata mkia wa kamba na kuuvuta.

Verlon aliiokota kamba vumbini. Akaliona fundo liko palepale pa Diakoni. Kisha akageuka, wageni wanamtazama, na mdomo wake ukasema wenyewe: "Lonnie, ulitazama chini. Ukitazama chini, chini ndiko utakakolala."

Watu wakacheka. Lonnie naye akacheka, akiushika mkono uliokwisha kuvimba. "Samahani, kocha."

Kumwangushia mtu jumba bovu ni jambo moja. Akuombe radhi akiwa chini ya kifusi ni jingine. Verlon aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alijaribu kuimalizia hadithi yake ya taya ikakataa kutoka. Mwishowe akamfuata Lonnie, aliyeketi nyuma ya pikapu, mkono umezama kwenye ndoo ya barafu.

"Lile fundo lilikuwa la Diakoni," akasema. "Sikulisogeza. Wewe hukutazama chini."

"Najua, kocha. Kishikio nilikiona kando tangu nilipoketi."

"Sasa mbona hukusema?"

Lonnie akakoroga barafu kwa mkono mzima. "Ningekuambia nini mimi, mbele ya wageni wako? Nikasema, kafunga Verlon, basi mimi ndiye sijui kukaa."

Uso umeumbwa na haya, na haya ya Lonnie nusura imgharimu mkono. Verlon akarudi uzioni. Wanagenzi walikuwa bado wanatupiana utani wa kutazama chini. "Nyamazeni," akasema. "Kosa lilikuwa langu. Nilimfungia kamba ya fahali mwingine, halafu nikamsingizia." Hakuna aliyecheka. Wageni wakatazama viatu vyao.

Aliyefuata alikuwa Tammi Ruth, mpishi wa shule. Verlon akamfungia kamba kimya, akalipima fundo mara tatu, akakaza. Tammi Ruth akapanda kizimba, akakitazama kishikio, akamtazama Verlon, kisha akageuza shingo.

"Harlan," akaita kwa adabu, "hebu njoo uniangalizie hapa."

Harlan akasita.

"Njoo," Verlon akamwambia, akasogea kumpisha.