Askari wa Mlango wa Kupamba

Binti yangu Mwanaidi anasomea udaktari Nairobi, na Kisauni nzima inajua, kwa sababu nimeitangazia mimi. Likizo hii alinieleza kwamba mwili una askari wake, lakini kuna jeni inayoisaidia seli ya saratani kujivika alama za wenyeji. Askari wakiiona, hudhani ni ndugu yao, wakaipisha.

"Askari gani wajinga hao!" nikasema. "Wangeniweka mimi!"

Nikawekwa kweli. Jirani alikuwa na kupamba, wanawake peke yao wamekuja kumtazama bibi harusi, nami nikapewa mlango nihakikishe hapenyi mwanamume aliyejifunika buibui. Nilijiona waziri wa ulinzi. Kila aliyeingia nilimfunua uso. Hata mamake bwana harusi nilimfunua, akanuna.

Kisha akaja mrefu mmoja, macho tu ndiyo yanaonekana. Niliponyoosha mkono nimfunue, nikanusa udi. Wallahi, ulikuwa udi wangu mwenyewe, ninaouchanganya kwa mikono hii.

"Huyu wetu!" nikasema. Nikamrashia marashi, nikamkalisha mbele kabisa.

Muda si muda nikasikia mayowe, na kaseti ya taarabu ikazimwa. Nikakimbilia ndani. Mbele ya bibi harusi ameketi Athumani, mwanangu wa kiume, masharubu nje, ndani ya buibui langu la Idi.

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mwanaidi akaniinamia sikioni, akasema kwa adabu zote:

"Shikamoo, askari."