Mfano Niliompa Karani

Nilikuwa nimepata ufadhili wa utafiti wa mwaka mmoja, na swali langu lilikuwa hili: chama kidogo kinachosubiri saini ya waziri, sheria inakifanya nini? Kwenye semina wenzangu waliitikia kwa vichwa. Nilirudi Likasi nikiwa nimevimba kidogo.

Nililipeleka swali kwa karani wa vyama, na kwa kuwa nimesoma, nikatoa mfano.

"Tuseme wale mama wavunja mawe wa Kakontwe. Waliomba zamani, hawajajibiwa. Wanaruhusiwa kukutana?"

Karani aliacha kupiga muhuri. "Kumbe bale bamama banakutana?"

Siku ya tatu mwenyekiti wao aliitwa ofisini kwa barua: aje na idhini, la sivyo chama kifungwe. Chama chenyewe kilizika wafu wao, na kila Jumamosi, ambayo huku bado tunaiita siku ya posho, kilifundisha wanawake kusoma katika ukumbi wa parokia. Idhini hawakuwa nayo. Walikuwa na karatasi ya kupokelewa kwa maombi, basi.

Nilimsindikiza. Tulikaa kwenye benchi ya korido, yeye katika kitenge cha misa, vumbi la chokaa likiwa bado kwenye kucha. Mimi nilikuwa na sheria nzima begini, imepigwa mistari kwa rangi tatu. Nikaanza kumweleza kifungu kinachomlinda.

"Prof," akanikatiza, "hii kifungu ndiyo ilikutuma ututaje?"

Nilifunga begi.

"Bakifunga chama, posho nitaambia bamama nini?"

Mlango ukafunguliwa, akaitwa. Nikasimama naye.

"Weye, ikala," mama akaniambia.

Sikuwa nimeambiwa hivyo tangu shule ya msingi. Niliketi.

Kupitia mlangoni nilisikia sauti ya mkuu wa ofisi ikipanda. Ya mwenyekiti sikuisikia kabisa. Nilijaribu kukumbuka sura ya tatu ya ripoti yangu, ile ya ujasiri wa raia.

Alipotoka hakunitazama mpaka tulipofika barabarani.

"Darasa linaendelea. Mikutano mingine, hapana, mpaka saini itoke."

"Afadhali, mama."

"Alitaka majina yetu yote. Nilimuambia hatuna liste." Akanyoosha mkono. "Liste iko kwako."

Ni kweli. Katika mahojiano yangu na wale mama nilikuwa nimeandika kila jina, mtaa na kazi ya mume. Huo ndio ulikuwa utafiti wangu. Nilitoa daftari begini, nikachana kurasa pale pale, magari yakipita. Alizisoma jina kwa jina, akifuata kwa kidole, wala hakuharakisha.

"Ni yote?"

Ningeweza kusema ndiyo.

"Kuna nyingine kwenye kompyuta," nikasema. "Nyumbani."

Alikunja zile kurasa, akazifunga kwenye pindo la kitenge.

"Twende," akasema, akatangulia.